Waya Ambao Mathew Katana Hakuukata

Baba Paroko, wazee wetu wa Msambweni na Bodo, majirani, madereva, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya tarehe 23 Agosti 2025 mkaja kutushika mkono, mimi ni Damaris Mwero, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa mimi kazi hii ya kusoma kwa sababu, walisema, mimi sitalia. Kweli sitalia, nina hasira, na hasira imeyakausha machozi yote.

Marehemu Mathew Katana Mwero alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Ramisi, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Cornelius Mwero, mkata miwa, na mama yetu Eunice, ambaye yu hai na ameketi hapa mbele yenu, akimzika mtoto aliyepaswa kumzika yeye. Alisoma shule ya msingi pale pale Ramisi, akamaliza darasa la nane mwaka 1988, wakati kiwanda cha sukari kimesimama na baba amerudi nyumbani na panga lake, basi sekondari ikawa ya kusikia kwa wenzake, na Januari 1990 akapelekwa Ukunda kujifunza umeme wa magari. Alilala gereji miaka mitatu, akarudi anajua kutengeneza taa, honi na kila kitu kinachopitiwa na waya.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni moja ya magari ya watalii kule Diani, kwanza kama fundi, kisha kama fundi na dereva kwa mshahara wa mtu mmoja, akaitumikia mpaka nywele zikaanza mvi. Mkurugenzi wa kampuni hiyo yuko nasi, mstari wa pili, shati jeupe. Karibu, Bwana Mkurugenzi, keti vizuri, sehemu yako bado haijafika.

Tarehe 11 Desemba 1999 marehemu alifunga ndoa na Teresa katika kanisa hili, wakajaaliwa mabinti wawili, Caroline mwaka 2001 na Subira mwaka 2006. Caroline alirithi ufundi wa baba yake, Subira akarithi ubishi, na leo tunavihitaji vyote viwili. Sitawadanganya kwamba kaka yangu alikuwa malaika, maneno matamu yalimtoka kwa shida, na mimi aliwahi kuninunia mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi.

Lakini barabarani alikuwa mtu wa adabu, na hapa naomba wageni mliotoka mbali mnisikilize. Njia yetu ya kwenda Bodo ina kidaraja chembamba kinachopitisha gari moja tu, na giza likiingia, madereva wawili wakikutana pale, anayeshusha taa zake anasema pita wewe, mimi nangoja, na anayezipandisha kwa kuvuta swichi anasema naja, ningoje. Hakuna kibao kinachoeleza hayo, wala askari wa kuyasimamia, na mpaka mwezi huu hakuna mtu aliyewahi kuumia pale.

Mwaka 2023 kampuni ilinunua magari mapya ambayo taa zake hujiwasha, hujipandisha na kujishusha zenyewe, kwa maana nyuma ya kioo cha mbele kuna jicho dogo la mashine ambalo likiona mwanga wa gari linalokuja, huzishusha bila kumwuliza dereva. Mathew hakuyachukia magari hayo, alisema kwenye lami ya Lunga Lunga yanapumzisha macho ya watu. Alichokikataa ni agizo lililofuata. Wageni fulani walilalamika kwamba madereva wetu wanasalimiana mno kwa taa, na Bwana Mkurugenzi akaamuru ule waya wa swichi ya kupigia taa ukatwe katika kila gari, mashine ifanye kazi peke yake. Mathew akaambiwa aukate. Alikwenda ofisini, akatoa shikamoo, akasema kwamba huko ni kumkata dereva ulimi, na kwamba mkono wake hautafanya hivyo. Alifukuzwa tarehe 30 Novemba 2023, akaletwa fundi mwingine, nyaya zikakatwa.

Marehemu hakuugua. Jioni ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti, akirudi nyumbani kutoka gereji yake aliyoifungua hapa Msambweni baada ya kufukuzwa, alifika kwenye kidaraja giza limeshatanda, akaona taa zikija upande wa pili, akaziona zikishuka, akaelewa kama ambavyo kila mmoja wenu angeelewa, akaingia. Lilikuwa gari la kampuni, limebeba wageni waliotoka Funzi. Dereva wake, Alfani, hakuwa amemwachia mtu njia, taa zilijishusha zenyewe, na alipoliona hilo aliivuta swichi kwa mazoea ili aseme naja, ningoje, lakini hakuna kilichowaka. Mathew alikata usukani kuwaepuka, pikapu yake ikatumbukia kijitoni. Wageni hawakupata hata mkwaruzo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Kaka yangu aliumia kifua, akafariki hospitalini Msambweni asubuhi ya Jumatano, tarehe 20, Teresa akiwa amemshika mguu.

Haya tuliyapata kwa Alfani mwenyewe, aliyekuja matangani siku iliyofuata, akavua viatu, akamwamkia mama, akayasema yote mbele ya wazee, akijua kwamba anaiweka kazi yake rehani.

Bwana Mkurugenzi naye alituma mtu, na shada la maua, na gari la kutusaidia usafiri, na ombi dogo, kwamba nikifika hapa nisome kuwa marehemu aliingia darajani kwa pupa, kwani yeye kuliko wote alijua magari ya kampuni yanajishusha taa. Nimelisoma ombi lako, umesikia. Jibu la familia ni hili, gizani mtu haoni jina la kampuni, anaona taa, na kaka yangu aliamini kwamba nyuma ya taa kuna mtu. Ulimfukuza kwa waya, ukamwua kwa waya huo huo, sasa unataka na jina lake. Jina hulipati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana kwa ajili yake, majirani zetu Waislamu kwa Wakristo waliopika na kukesha nasi, madereva wa Ukunda, na Mzee Nassir, jirani yetu, aliyetoa gari lake kumbeba marehemu. Gari la kampuni pia tumelipokea, tusije tukaambiwa hatuna adabu. Jana Alfani, aliyetumwa nalo, alilipeleka gereji ya marehemu, na Caroline akauunga ule waya, bila kumwomba mtu ruhusa.

Limetangulia nyumbani Bodo na masufuria na mikeka, na litakuwa likirudi kuwachukua akina mama wakati sisi tunampeleka marehemu kaburini, hivyo tutakutana nalo kwenye kidaraja. Ni mchana, lakini taa zitawaka. Alfani atazishusha kwa mkono wake mwenyewe, atasimama, atangoja. Na wewe, Bwana Mkurugenzi, utakuwa nyuma yetu, utatazama.

Pita, Mathew, safari hii kuna mtu anayekungoja. Pita ukapumzike.