Radhi Yenu Iko kwa Taratibu

Niinueni mto kidogo. Hapo hapo. Sogeeni wanangu, nawe kifungua mimba funga dirisha, maana haya sitaki majirani wayasikie kabla ya mwenyewe. Nyumba ni ya mama yenu mpaka naye afumbe macho, msimsumbue. Mashine za kukatia nyasi na lile toroli ni zenu wawili. Hayo yamekwisha.

Lililobaki linanichoma. Jana Taratibu, mkata nyasi wetu, alikuja na magongo, mguu umefungwa, vidole viwili havipo, akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniomba msamaha. Mimi! Ati, "Mzee wangu, nimewaharibia jina la kazi." Ule mpira uliofungwa kwenye mashine hakuutaja kabisa, ananistahi. Nikageukia ukutani nikajifanya nimelala, kwa aibu.

Kishikio cha mashine kimewekwa ili mkono ukiachia, kisu kisimame, nasi kishikio tunakifunga kisiachie, kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili kazi iende mbio, na mtindo huo mmeutoa kwangu, sijifichi. Siku ile nyasi zimelowa, mteremko mkali, akateleza, akaachia kama ambavyo yeyote angeachia, na mashine ikamrudia ikinguruma. Nanyi, kabla hata ya kumfunga jeraha, mkakimbilia kufungua mpira! Mkawaambia watu alikuwa kalewa, Taratibu huyu ambaye soda tu ikimwasha koo anaiacha mezani. Loo, wanangu! Mama yenu aliukuta mpira mfukoni mwako akifua, kitinda mimba. Usiangalie chini. Basi, angalia chini, maana hata mimi siwezi kuyainua macho yangu.

Mpira wenyewe uko hapa chini ya mto, uchukueni. Nendeni leo, mbele ya mkewe na wote waliosikia ule uongo, mkamkabidhi Taratibu mkononi, mseme ninyi ndio mliofunga na mimi ndiye niliyewafundisha. Mashine kubwa iuzwe, atibiwe mpaka apone. Asiyeweza kusema hayo asiguse jeneza langu.

Maji... Asante, mke wangu. Yatosha.

Bado mmekaa? Mnangoja radhi, najua. Mngenizika bila kuipata mngehangaika... Sinayo hapa, wanangu. Nimeiweka kwake. Kaiombeni kwake, na akiwapa yeye... basi nami nimewapa. Nendeni. Fungueni dirisha, nisikie mkiondoka.