Makopo Kumi na Moja ya Alvin

Lile benchi la mbele ya duka la Twila lilikuwa kiti cha kanisa. Walutheri walipofunga kanisa lao la bondeni, maana waumini walibaki saba na mchungaji wao, Twila akalibeba kwa pikapu, akaliweka mlangoni pake, baina ya magunia ya chakula cha farasi na dirisha la bunduki. Tangu hapo wanaume wanaketi pale kila asubuhi kama wana ibada, wanakunywa kahawa ya bure ya Twila, chungu kama dawa ya minyoo. Siku hizi wamebaki wawili. Mmoja ni Delbert, wanamwita Kipimo, kwa sababu haendi popote bila kile chuma chake cha kupimia unene wa vitu. Hata pete ya harusi ya bintiye aliipima kwanza ndipo akamkubali mkwe. Wa pili ni Merle, Nusu Sikio. Bunduki zilimla sikio la kushoto zamani, na la kulia linasikia linachotaka. Jumanne hiyo ya Septemba, upepo wa Montana ukipeperusha makapi ya ngano barabarani, akaja Orpha Hegstad, mjane wa Alvin, amekumbatia kopo la kahawa kifuani. Ndani ya kopo hamkuwa na kahawa.

— Tua hilo kopo, shemeji, litakutegua mgongo, akasema Kipimo.

— Limenizoea, akasema Orpha, akaketi pembeni kabisa.

Benchi lile la watu wanne, lakini wale wawili walikuwa wamejitanua. Tangu Aprili, Alvin mwenzao wa benchi alipozikwa, walianza kujitanua kidogo kidogo, na wala hawakujua.

Kopo lilikuwa limejaa robo tu, risasi za bastola. Si za dukani. Za Alvin, za kuyeyusha madini na kumwaga kwenye kalibu. Miaka thelathini na minane, kila baridi ikishika, Alvin alikuwa kule bandani anamimina, na Orpha kakaa karibu na jiko, anazipitisha moja moja vidoleni. Yenye mkunjo inarudi chunguni. Iliyonyooka inapakwa nta, inaingia koponi. Makopo kumi na moja yalibaki. Bastola yenyewe haikubaki. Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi Orpha aliiuza kwenye mnada, kwa mtu wa mbali ambaye hata jina hakumwuliza, kwa sababu ilikuwa ikimtazama pale rafuni. Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano ya shabaha ya vuli kule shimo la kokoto, na Orpha alitaka jambo moja: apige zile zile risasi, kama Alvin alivyoziacha. Kuzipachika kwenye maganda alijua. Alikosa bastola ya kuzipiga.

— Za unene wa arobaini na tano hizi, akasema. Twila ana bastola tatu za arobaini na tano. Nichukue ipi?

Masikini, angejua angeuliza ndani.

— Mtutu mrefu! akadakia Nusu Sikio. Risasi ya kumwaga haitaki haraka haraka. Ni kama ng'ombe kwenye kichochoro cha zizi, unaipa njia ndefu itulie.

— Mtutu nini wewe! akasema Kipimo. Watu wote wanatazama mtutu kama wanachagua suruali. Kazi iko kwenye silinda, vile vitundu sita. Kitundu kikiwa chembamba, risasi inabanwa, inafika kwenye mtutu imekonda, moto unapita ubavuni, basi mtutu wote unapakwa madini ndani. Utausugua mpaka Krismasi.

— Nani kasema Krismasi?

— Utasugua!

— Mimi sisugui. Mimi napiga mbiombio mpaka madini yenyewe yanaogopa.

— Ndiyo maana shabaha yako ina matundu kila mahali ila katikati.

Orpha alicheka. Akasikia kicheko chake kimetoka kikubwa, kama cha mtu aliyenyamaza siku nyingi, akafunga mdomo.

Twila akatoka na zile tatu kwenye taulo, na penseli sikioni.

— Acheni maneno. Jaribuni, akasema.

Wale watu kujaribu kwao ni huko: unachukua risasi, unaiweka kwenye kitundu cha silinda, unaisukuma kwa penseli. Ikipita kwa kubembelezwa, umepata. Kipimo akashika ya kwanza, mpya, inang'aa kama kijiko cha wageni. Akasukuma. Penseli ikavunjika.

— Nyembamba, akasema.

— Bastola nzuri lakini, akasema Twila.

— Nzuri ya kuvunjia penseli.

Ya pili ilikuwa ya zamani, ya mtu wa ranchi fulani. Risasi ikatumbukia kitunduni, ikatokea upande wa pili, ikadunda sakafuni, hata penseli haijaguswa.

— Unaona! akasema Nusu Sikio. Si bastola, ni risasi. Risasi zimesinyaa. Zimekaa tangu Aprili hakuna mtu wa kuzishika, zinasinyaa.

— Madini hayasinyai, Merle.

— Basi zinakua. Mjomba wangu aliacha risasi moja dirishani miaka ishirini. Alipoirudia, haikuingia kwenye bunduki yake.

— Mjomba wako alikuwa anajaribu bunduki ya jirani!

— Mwache mjomba wangu. Na nakwambia jingine, risasi iliyomwagwa siku ya theluji haipigi vizuri kiangazi. Inakumbuka baridi. Unaipiga inakwenda kaskazini.

— Ikienda kaskazini si itampiga ndugu yako?

— Sina shida na hilo.

Kipimo akatoa chuma chake, akapima risasi tatu, akazirudisha koponi. Kisha akamgeukia Orpha kwa sauti ile ya kuzungumza na wagonjwa.

— Shemeji, tunahangaika bure. Niletee makopo yote kumi na moja. Nayeyusha Alhamisi, namwaga kwa kalibu yangu, na hiyo ya kung'aa inazila zote.

Na hapa msimwone Kipimo mtu mbaya. Mji ule hakuna anayehesabu risasi kuwa kitu kilichokwisha. Kila majira ya kuchipua wanaume wanakwenda kwenye ule ukuta wa udongo nyuma ya shabaha, wanachekecha, wanaokota vipande walivyopiga mwaka jana, wanavirudisha chunguni. Kwao kuyeyusha ni kama kufua shati. Alikuwa anatoa msaada wake mkubwa kuliko wote.

— Haziyeyushwi, akasema Orpha.

— Ni madini tu, shemeji.

— Nimesikia.

— Yale yale yatakurudia. Hata gramu haipotei.

— Delbert, zote hizi zimepita mikononi mwake zikaja mikononi mwangu. Ukiziyeyusha utanirudishia nini? Supu?

Nusu Sikio akakohoa. Kipimo akatazama barabara, kana kwamba barabarani kuna mtu.

Orpha akaichukua ya tatu mwenyewe. Ilikuwa mbaya ya sura, nzito, mpini wake umelika kama kisigino cha kiatu. Akaomba kile kipande cha penseli. Kitundu cha kwanza, risasi ikapita kwa kusukumwa taratibu, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Cha pili vilevile. Cha tatu, cha nne, cha tano. Cha sita ikakwama.

— Kimoja kibovu, akasema Twila, tayari anakunja taulo.

— Kwenye mashindano zinapakiwa tano tu, akasema Orpha.

— Tano! akapiga kelele Kipimo. Ebo! Si kweli? Tano! Huyu mama ametushinda wote! Shemeji, umepata!

Wakafurahi kama wao ndio waliochagua. Nusu Sikio akaanza kueleza kwamba tangu mwanzo alisema mtutu mrefu, na tazama, huu ni mrefu. Kipimo akasema ajipangie baruti kidogo, mkono usimchoke. Mwingine anasema alenge chini kwa dole moja, mwingine anasema juu. Orpha aliketi katikati ya kelele ile na bastola mapajani, na kwa kitambo kifupi ilikuwa kama bandani, mtu anaongea na jiko linanguruma.

Ndipo akaja daktari mpya wa mifugo, Nadine, dada aliyekuwa na wiki mbili tu mjini, anatafuta kamba na komeo la lango. Akasimama mlangoni, anasoma lile tangazo la mashindano lililobandikwa kiooni.

— Samahanini wazee, akasema. Hapa wanasema kila mpigaji aje na msomaji wake. Msomaji ni nani?

— Aa! akasema Nusu Sikio, na sikio la kulia likasikia vizuri kabisa. Ni yule anayesimama nyuma na darubini. Wewe unapiga, yeye anakwambia, kulia kidogo, chini kidogo. Sisi kwetu hapigi mtu peke yake. Mimi namsomea Delbert, Delbert ananisomea mimi.

— Tangu zamani?

— Hapana, zamani Delbert alisomana na Alvin, mume wa huyu mama. Tangu Aprili ndiyo tuko hivi.

— Oh, akasema daktari. Akamtazama Orpha na bastola yake, akatabasamu kwa adabu. Na mama, Jumamosi nani anamsomea?

Kipimo akamtazama Nusu Sikio, Nusu Sikio akatazama ndani ya kikombe. Twila akasema kamba ziko upande wa kushoto, nyuma ya misumari. Daktari akaona amegusa kitu asichokijua, akasema yeye Jumamosi ana ng'ombe wa kuzalisha, akaingia ndani.

— Kahawa imekwisha, akasema Nusu Sikio.

Orpha akamlipa Twila, akachukua kopo, akachukua bastola kwenye karatasi ya kaki, akaagana nao. Walimwambia kila la heri, shemeji, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Kwenye pikapu yake akaiweka bastola kiti cha pembeni. Hakuwasha gari. Akajiambia anatafuta miwani. Kwenye kioo cha ubavuni aliwaona wale wawili wameketi vilevile. Akasema moyoni, nangoja lori la ngano lipite. Lori likapita. Akasema, na hili la pili. La pili nalo likapita, vumbi likatua. Mara Nusu Sikio akainuka. Akajinyoosha mgongo, akapiga hatua moja kuelekea upande wa pikapu, na Orpha akashusha kioo cha dirisha.

Nusu Sikio akainama, akaokota jagi la kahawa chini ya benchi, akaingia nalo dukani.

Miwani ilikuwa usoni. Orpha akapandisha kioo, akawasha gari.