Mama Maganda na Fimbo ya Kupimia Lundo

Ndugu waombolezaji, na ninyi wengine mliokuja ili muonekane, familia imenituma mimi, kitinda mimba wao, niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Maganda mkidhani mnamtukana.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akahitimu chuo cha kilimo mwaka 1979, na tarehe 3 Machi 1980 akaajiriwa kituo cha utafiti wa mazao kama msaidizi wa shamba, cheo alichostaafu nacho mwaka 2018, maana vyeo vya juu vilikuwa vya wanaojua kufunga tai.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi, na mwaka 1994 fundi huyo akamwacha kwa madai kwamba ananuka samadi, ingawa leo yuko mstari wa mbele, analia kuwashinda wafiwa.

Kazini alikusanya mabua, pumba na maganda ya maharage ambayo wenzake waliyachoma moto, akayapanga kwa tabaka na samadi, akayamwagia maji, akayageuza, na kila mara akachomeka fimbo katikati ya lundo, ikitoka na joto anasubiri, ikitoka baridi mboji imeiva. Mwaka 2009 shina la maharage lililopata mboji yake lilibeba maganda ishirini na sita, shina la pembeni lisiloipata lilibeba tisa. Mwaka uliofuata Mkuu wa kituo, ambaye ninamwona pale akijipepea na ratiba ya mazishi, alitaka kuwaringia wageni, akachukua lundo la wiki tatu likifuka mvuke, akalimwaga shambani, maharage yakageuka manjano ndani ya siku kumi, naye akaandika kwamba taka ni taka tu, akamhamishia dada yangu kwenye kuosha chupa za maabara. Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu aliambiwa mara nne kwamba lundo la moto huunguza mizizi. Nina hasira, wala sifichi.

Mapafu yalianza kumsumbua Agosti 2023, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiacha nyuma ya nyumba malundo mawili, moja la wiki mbili na moja lililoiva.

Tunawashukuru madaktari, ambao walimheshimu, na majirani, waliolalamikia harufu barazani kisha wakaja na ndoo mlango wa nyuma, na wafanyakazi wenzake, waliocheka vizuri sana kwa miaka thelathini na minane.

Shukrani za pekee kwa Mkuu, ambaye juzi, maiti ikiwa bado hospitali, alileta lori, akabeba lundo lililofunikwa turubai kwa ajili ya maonyesho yake ya maharage ya mwezi ujao, bila kuomba, bila hata kutoa pole. Sikumzuia, kwa kuwa asubuhi ile nilikuwa nimechomeka fimbo, ikatoka ikiunguza kiganja. Lililoiva ni lile jeusi karibu na mlango, lisilonuka, ambalo alilikanyaga akidhani ni udongo, akafuta viatu, na kesho mimi na binti wa marehemu tutalipandia maharage.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Maharage ya Mkuu yakigeuka manjano, nitakuja hapa kukuambia.