Mikono ya Malachy Tuohy

Benchi letu limeegemea ukuta wa kanisa la Kilbrackan, mkabala na duka, na wakaaji wake wa asubuhi ni watatu: Redio, ambaye jina lake la ubatizo hata dada zake wameshalisahau, Askofu, aliyekaa seminari miezi miwili akarudi, na mimi, Gus. Alhamisi ile kahawa ilipoa mikononi mwetu, maana Malachy Tuohy alikuwa amelazwa sebuleni kwake, jeneza wazi, na kesho yake tulikuwa tunamzika. Mjane wake alikuwa ameniomba niseme maneno kaburini. Nilicheza kiungo pamoja na Malachy miaka tisa, katika hurling, mchezo wetu wa magongo. Kama mimi simjui, nani amjue? Ndivyo nilivyomjibu mama wa watu, kifua mbele.

Basi nikawauliza wenzangu nianzie wapi. Redio alitaka nianze na fainali ya Dublin, Malachy alipocheza kipindi cha pili chote na vidole viwili vimevunjika, asimwambie mtu. Askofu alitaka misimu kumi na moja ya kuichezea kaunti bila kukosa mechi, na kila Jumatatu alfajiri yuko zizini anakamua kama vile jana yake hakufanya kitu. Yote hayo yalikuwa kweli. Tulipofika kwenye pumzi zake ndipo tukaanza kubishana.

— Pumzi zile ni za kukimbiza kondoo mlimani, alisema Redio.

— Kondoo gani, bwana? Baba yake alikuwa na ng'ombe sita tu. Ni dang'a ile, maziwa ya kwanza. Kila ng'ombe akizaa, Malachy anamtangulia ndama.

— Haya, sasa niwaambie. Jamaa alikuwa na mapafu matatu.

— Acha uongo wako.

— Daktari wa Limerick alimpiga picha, akayahesabu, akaifungia picha kabatini. Binamu yangu alikuwa dereva wake.

Askofu alitafakari, kisha akasema ndiyo maana wahenga walinena mwenda pole hajikwai. Hayo juu ya mtu aliyekimbia dakika sabini bila kutembea hata hatua moja. Sikucheka. Nilikuwa na karatasi gotini na sijaandika neno.

Ndipo akaja Dervla, kitinda mimba wa Malachy, muuguzi huko Australia, ndege imemfikisha jana. Alizaliwa baba yake ameshatundika gongo. Tulimpa pole, tukamsogezea nafasi, hakukaa.

— Mzee Gus, mama kanituma. Tunamzika na gongo lake, na wanaomwandaa wanataka kumshikisha vizuri. Mkono wake wa juu ulikuwa upi?

Kwetu mkono wa juu, ule unaoshika mpini wa gongo juu ya mwenzake, ni kama mwandiko wa mtu. Kumshikisha Malachy kinyume ni kumzika mtu mwingine, na parokia nzima itapita mbele ya jeneza lile.

— Wa kulia, alisema Redio.

— Kushoto, bwana. Kushoto.

Wakakunja ngumi zote mbili hewani, kila mmoja na gongo lake lisiloonekana, wakapiga mipira isiyokuwepo. Kisha wakabadilisha mikono, wakabadilisha tena, wakaishusha. Dervla alisema picha iliyopo nyumbani ni moja tu, baba ameshika kombe, gongo liko kwapani, na mama alikuwa haji uwanjani kwa kuogopa damu.

— Amesema wewe unajua.

Nilifumba macho nimwone. Niliona mpira unashuka kutoka mawinguni, mbele yangu, pale pale nilipoutaka, mara mia, mara elfu. Mikono yake sikuiona. Malachy akishaupata mpira, kazi yangu ilikuwa kukimbia mbele, na sikuwa na haja ya kugeuka kwa sababu mpira wake ulikuwa unafika. Miaka tisa. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia hata siku tulizofungwa mechi.

— Mzee Gus?

— Sijui, mwanangu. Siku zote nilikuwa nimempa mgongo.

Alinitazama kidogo, bila hasira. Akasema basi gongo watalilaza ubavuni mwake na mikono wataiacha mitupu, akarudi nyumbani kuwaambia.