Ametuliaje? Swali Alilotuachia Mama Rudia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kwanza, chakula kisije kikaungua halafu lawama nibebe mimi. Leo tunamkumbuka daktari wa watoto aliyefariki dunia wiki iliyopita, mchana, mumewe na binti yake wakiwa karibu. Mlinzi wa geti la hospitali alimwita Mama Rudia. Mkurugenzi alimwita Mama Rudia. Hata watoto waliolazwa walimwita hivyo. Narudia, maana mwenyewe angenitaka nirudie: Mama Rudia, daktari wa watoto, mwalimu wa madaktari, hatunaye tena.

Msidhani jina hilo alipewa kwa heshima. Hapana. Walimbandika madaktari wanafunzi, kwa hasira. Mwanafunzi anasimama kando ya kitanda, ameikariri habari ya mgonjwa tangu alfajiri, anaimwaga yote kwa pumzi moja. Akimaliza, mama yule anamtazama juu ya miwani. "Rudia." Mwanafunzi anarudia. "Rudia tena, ila safari hii mwambie mama wa mtoto, usiniambie mimi." Hapo ndipo ulimi unakuwa mzito na jasho linaanza kutoka.

Alilitoa wapi neno hilo? Alilitoa nyumbani kwao. Mama yake mzazi alikuwa hasikii vizuri. Mdogo wake wa kiume ametusimulia: "Kwetu ukimung'unya maneno, unalala njaa. Unamgeukia mama, unamtazama usoni, unasema. Yeye anasema rudia. Unarudia. Sisi wengine tulikuwa tunachoka tunaondoka zetu. Dada hakuchoka. Alibaki pale pale mpaka mama aelewe." Akacheka, kisha akapangusa macho. "Dada alikuwa king'ang'anizi tangu tumboni."

Basi, wasikilizaji wapendwa, tuje wodini. Asubuhi moja, daktari mwanafunzi alifika kwenye kitanda cha mtoto mchanga aliyekuwa na homa. Akamuuliza mama mtu, mtoto anaendeleaje? Mama akajibu, "Afadhali leo, daktari. Jana alilia hadi akapoteza sauti. Leo ametulia." Daktari akaandika kwenye faili: ametulia, anaendelea vizuri. Akasogea kitanda cha pili.

Muuguzi mkuu akapita na toroli la dawa. Akaambiwa ametulia, akamshukuru Mungu, akasukuma toroli lake. Mfamasia akapita kuangalia dozi. Akaambiwa ametulia, akatia tiki. Mama Rudia mwenyewe akapita na raundi. Akasoma faili, akaona ametulia, naye akasogea. Ndiyo, hata yeye.

Aliyemwokoa yule mtoto ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, tena kwa bahati tu. Alikuja kumnyoosha mguu kama kawaida. Aliuinua, akauachia, nao ukaanguka kitandani kama shuka lililolowa. Akapiga ukelele, wodi nzima ikaja mbio.

Nisiwaweke roho juu. Mtoto alipona. Siku hizi anacheza mpira na kuvunja vioo vya majirani. Lakini Mama Rudia hakulala kwa amani tena. Watu wanne wa hospitali walikuwa wamepita kwenye kitanda kile, na wote walilazwa usingizi na neno moja.

Akawaita. Hapakuwa na chumba, maana hospitali ni kubwa ila vyumba vya mikutano ni vichache. Wakapewa stoo ya mashuka. Harufu ya sabuni, rafu mpaka darini, dirisha dogo linalotazama kamba za kuanikia, na meza inayoyumba ambayo mguu wake mmoja ulikalia boksi la glavu. Waliokuwepo ni Mama Rudia, muuguzi mkuu, mfamasia, mtaalamu wa viungo, na yule mama wa mtoto. Kila mmoja alikuja amekunja uso, tayari kujitetea.

Mama Rudia akawaambia, "Jamani, hatutafuti mchawi. Tunatafuta neno." Akagawa vipande vya karatasi. "Kila mtu aandike: ukiambiwa mtoto ametulia, wewe unasikia nini?"

Sikilizeni walivyojibu. Muuguzi mkuu aliandika: hapigani tena na sindano. Mfamasia aliandika: dawa imefanya kazi. Mtaalamu wa viungo aliandika: misuli imeacha kukaza. Mama Rudia aliandika: hana maumivu. Mama wa mtoto hakuandika. Alisema tu, "Mimi niliona amenyamaza. Sikujua niiteje hali ile. Nikaiita kutulia, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka."

Mfamasia, ambaye hana dogo, akazipanga karatasi zote mezani. "Kumbe neno lenyewe moja, na kila mtu amelikata kwa saizi yake."

Somo lilianzia hapo. Narudia: somo lilianzia stoo ya mashuka. Miaka na miaka walikutana pale baada ya kazi, kutengeneza vifaa vya kufundishia madaktari wanafunzi wa watoto. Walichora kadi. Walirekodi sauti za akina mama wakieleza ugonjwa kwa maneno yao wenyewe, kwa ruhusa yao. Waligombana, tena si mchezo. Kadi ya kijiko cha dawa iliwanunisha muuguzi na mfamasia mpaka wakawa wanasalimiana kupitia kwa mtaalamu wa viungo. "Mwambie mwenzako shikamoo." Mama Rudia aliwaacha wanune. Alisema kadi ikipita bila ugomvi, ujue kuna mmoja hakuisoma.

Somo lao kubwa waliliita "Ametuliaje?" Ni neno hilo moja tu. Ukiambiwa mtoto ametulia, unauliza: ametuliaje? Ametulia na anakutazama, au ametulia na hakuoni? Ikiwa anakutazama, endelea na raundi yako. Ikiwa hakuoni, kalamu chini, mshike mtoto.

Walihitaji mdoli. Midoli ya dukani ilikuwa migumu kama kinu, hailegei. Ndipo Mama Rudia akamgeukia mumewe, fundi cherehani. Mzee huyo tulimkuta barazani kwake, mashine imefunikwa kitambaa. Alituambia: "Nimeshona suti za maharusi. Nimeshona magauni ya waimbaji. Sijawahi kuambiwa nishone mtoto mgonjwa. Nikamwambia mke wangu, wewe mama una wazimu. Akaniambia, ndiyo, chukua vipimo."

Akashona. Kichwani alitia mchanga, mikononi na miguuni mchanga, na shingoni akapitisha uzi wa mpira. Ukiuvuta, mtoto anakaza shingo. Ukiuachia, analegea hadi unashtuka. Mfamasia alipomwona akasema, "Huyu hafanani na mtu yeyote humu. Huyu mtoto wa jirani." Mdoli akaitwa Jirani mpaka leo. Waliofundishwa naye wanasema mikono haisahau ule uzito.

Madaktari wanafunzi walilipenda somo. Walicheka, walipiga makofi, walipiga picha na Jirani. Mama Rudia yeye hakucheka nao. Kila wakifunga mlango aliwauliza wenzake swali lile lile: "Tumefundisha, au tumefurahisha tu?" Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mfamasia aliwahi kumjibu akikunja kadi: "Mama wa watu watamuuliza. Hofu yangu ni siku wakikutana na mkubwa wao. Wewe, kwa mfano. Nani atathubutu kukuuliza wewe?" Mama Rudia akachukua kadi zilizobaki, akazikunja. Akastaafu bila jibu.

Sasa wasikilizaji wapendwa, hapa naomba mnipe masikio yote mawili.

Mama Rudia alikuwa na mjukuu, mtoto wa binti yake. Kachanga, kana meno mawili, lakini kalivyokuwa kanakunja uso wakakaita Mzee. Siku moja Mzee alishinda anatapika, na usiku hakulala, na asubuhi akawa analia mfululizo. Binti yuko kazini. Bibi mtu akambeba, akaenda naye kwenye hospitali yake ya zamani. Njiani Mzee akanyamaza. Bibi akashusha pumzi.

Alipoingia, watu walisimama. Shikamoo huku, shikamoo kule, karibu Mama, pole na mjukuu. Akaletewa kiti. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa dada mdogo, mwanafunzi bado, koti jeupe linampwaya. Akakaribia na faili. Mama Rudia akampungia mkono. "Usihangaike, mwanangu. Alikuwa anasumbua, ila sasa hivi ametulia. Tutasubiri foleni kama wengine."

Kila aliyekuwepo alilegeza mabega. Mama Rudia kasema ametulia. Nani abishe?

Yule dada alifungua faili, akashika kalamu. Baadaye alitusimulia: "Niliwaza, huyu ndiye aliyetufundisha. Nikimuuliza, nitamvunjia heshima. Halafu nikawaza, nisipomuuliza, sasa alitufundisha nini?" Akapiga moyo konde.

"Samahani, Mama. Ametuliaje?"

Mama Rudia akainua uso. "Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo, Mama. Nakuuliza wewe."

Muuguzi aliyekuwa mezani anasema alitamani ardhi ipasuke. Mama Rudia akafungua mdomo ili aseme jambo. Akamtazama mtoto aliyekuwa mapajani mwake. Mzee alikuwa ameelekeza macho ukutani. Hapepesi. Bibi akamsogeza kidogo, na kichwa kikaanguka nyuma, kizito. Mikono yake iliujua uzito ule. Ulikuwa uzito wa Jirani.

"Rudia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile ya wodini.

"Ametuliaje, Mama?"

"Hanioni," akasema Mama Rudia. "Mchukue."

Kalamu ikaanguka chini. Yule dada alimpokea mtoto, muuguzi akaja na dripu, wakampima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya na maji mwilini yamekwisha. Yule aliyewahi kuwa mkubwa wa wodi ile akasogezwa pembeni kwa upole, akasimama ukutani pamoja na bibi wengine. Hakuamuru lolote. Alishika kitambaa cha kumbebea mtoto, akakikunja, akakikunjua.

Jua lilikuwa bado juu Mzee alipoanza kulia. Wasikilizaji, alilia! Aliing'oa sindano ya dripu, akampiga teke muuguzi, mpaka vitanda vya jirani vikalalamika. Na bibi yake naye akalia, kwa sauti, mbele ya watu wote, bila kuficha.

Binti yake alipofika kukaa na mtoto, Mama Rudia hakwenda nyumbani. Alikwenda stoo ya mashuka. Wenzake walikuwa wamekaa na kadi zao. Akasimama mlangoni akawaambia, "Mwenzenu nimefeli mtihani wangu mwenyewe." Wakashtuka. Akaendelea, "Nimefeli vibaya sana. Jamani, tumefundisha." Mfamasia anasema hajawahi kumwona mtu aliyefeli akiwa na furaha ile.

Tangu siku ile, kila kundi jipya lilisimuliwa kisa hicho, na msimulizi alikuwa mwenyewe. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Yule dada ni daktari kamili sasa, na ndiye anayelifundisha somo. Mzee yuko darasa la kwanza. Anakunja uso vile vile.

Mwaka huu Mama Rudia aliugua. Aliugua polepole, na alijua. Wenzake wa stoo walikuja kumwona kwa zamu, na Jirani naye aliletwa, akalazwa kwenye mto wa pili. Binti yake ametuambia kwamba nyumbani lile neno lilikuwa halipiti hivi hivi. Ukisema chungu kimetulia, unaulizwa kimetuliaje. Ukisema watoto wametulia chumbani, mzee fundi anainuka kwenye cherehani kwenda kuhakikisha. Hata mama alipokuwa kitandani, binti akimwambia baba kwa simu "mama ametulia," baba alijibu "ametuliaje?" na mama mwenyewe akapaza sauti, "Mwambie namtazama huyu!"

Mchana ule wa wiki iliyopita, mzee fundi alikuwa barazani. Alikuwa anashona shingo ya Jirani iliyofumuka. Binti akatoka ndani, akasimama mlangoni.

"Baba. Mama ametulia."

Mzee fundi alituambia hivi, na nitayasema kama alivyoyasema: "Miaka yote niliuliza. Siku ile sikuuliza. Niliweka sindano chini, nikaingia ndani."

Wasikilizaji wapendwa, kituo hiki kinatoa pole kwa mzee fundi, kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, na kwa Mzee mdogo. Pole kwa muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa viungo, ambao jioni ya leo wako stoo, meza inayumba na kiti kimoja kiko wazi. Poleni sana. Mungu ampe pumziko jema, nanyi awape nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu karibu yako ambaye umeambiwa ametulia. Pengine ni mtoto wako. Pengine ni mama yako, au rafiki ambaye siku hizi hapigi simu. Baada ya kipindi hiki, inuka ukamtazame usoni. Muulize. Asipojibu, rudia.

Sasa kwa heshima ya Mama Rudia tutanyamaza kidogo hapa studio. Mkisikia kimya, msiguse redio, mitambo ni mizima. Tumetulia. Tumetulia na tunawatazama.