Mlango wa Ghala la Mama Régina

Mama Régina Safi alizaliwa Kabambare tarehe 14 Machi 1961, binti wa wakulima wa migomba. Alisoma shule ya msingi ya misheni hapa Kasongo hadi mwaka wa sita. Angeendelea, ila baba yake alisema msichana akijua kusoma barua yatosha. Hakumsamehe kwa hilo, na leo hatutasema kwamba alimsamehe.

Mwaka 1980 alifunga ndoa na Baba Zéphirin, wakaanza kupeleka ndizi mbivu, mapapai na mananasi Salamabila. Barabara mnaijua. Wengine waliyabana matunda ndani ya magunia na kuyarundika chini ya bati, yakafika yamekuwa uji. Yeye alijenga ghala la udongo lenye paa la nyasi na matundu ya kupitisha hewa, wala hakulaza ndizi mbivu karibu na mbichi, kwa kuwa iliyoiva huivisha jirani yake. Baba Zéphirin aliponunua friji ya sola, alificha humo mikungu miwili ili ikae zaidi. Siku chache baadaye maganda yalikuwa meusi tititi. Mama alimcheka mbele ya wateja, akimwita kwa jina la binti yao: "Ee Papa Chimène, ndizi ni mutoto wa hapa kwetu! Baridi ya namna hii inamuuwa."

Kisukari kilimpata mwaka 2019. Daktari alimkataza ndizi mbivu. Aliacha kuzila, hakuacha kuzitunza. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, baada ya kumwambia bintiye Chimène: "Musifunge ghala yangu. Matunda iko inapumua. Mukifunga mulango, joto itaozesha yote."

Siku ileile shemeji yake Magloire alitia kufuli. Alisema ni desturi: mali ya marehemu haiguswi mpaka matanga yaishe. Desturi tunaiheshimu, lakini iliwekwa kwa majembe na vitenge, vitu visivyooza. Jana Baba Zéphirin alivunja kufuli mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Ndizi mtakazopewa baada ya mazishi zimetoka humo. Kuleni bila woga. Zilizobaki Chimène anazipeleka Salamabila kesho, juu ya pikipiki, na nguo zake za matanga mwilini. Atakayesema, aseme.

Ameacha mume wake, Baba Zéphirin; watoto wake, Chimène na Nathanaël; wajukuu; na shemeji Magloire, ambaye naye amewekewa fungu lake la ndizi.

Mungu ampe mama yetu pumziko la amani. Sisi alfajiri tunapakia.