Ruta Iliyovikwa Kitambaa

"Nyumbani waifai inaenda mwendo wa kobe kwenye laptopu yangu," mshonaji alimlalamikia fundi simu waliyeketi naye basini. Kiti cha nyuma, bibi mmoja akatega sikio. Umbea hautozwi nauli.

"Ruta umeiweka wapi, dada?"

"Kabatini, nyuma ya masufuria. Nimeifunika kitambaa."

"Lo! Masufuria yanazuia mawimbi, kitambaa kinaichemsha. Itoe, uiweke juu, peupe."

"Thubutu! Kitambaa kakifuma mama mkwe kwa mkono wake. Bora mtandao ukwame kuliko nyumba iwake moto."

"Mwambie tu, ataelewa."

"Wewe hujaoa, kaka."

Basi likasimama. Bibi akateremka kwenda kwa mwanawe, huku akikididimiza chini kabisa ya mkoba kitambaa alichomfumia mkwewe cha kufunikia ruta.